Umenipandisha Juu Sana

Kasomeno haina bahari. Haina hata ziwa. Sisi ni watu wa njia panda: barabara itokayo Lubumbashi hufika kwetu ikagawanyika, tawi moja likielekea Kasenga kwenye mto Luapula, na jingine likielekea Pweto kwenye ziwa Mweru. Kwa hiyo nilicheka peke yangu jioni moja ya mwaka jana, nilipopokea kwa simu mchoro wa meli kutoka kwa mpwa wangu anayeishi Liège, Ubelgiji. Yeye na mumewe walikuwa wamemwalika mama yake, yaani dada yangu mkubwa, awatembelee, nao walitaka kumpeleka safari ya siku saba katika bahari ya Mediterania kwa meli ya utalii. Aliniandikia hivi: "Mjomba, katika ukoo wetu ni wewe peke yako uliyewahi kulala ndani ya meli. Tusaidie kuchagua chumba cha Mama."

Juu ya mchoro ule alikuwa ametia alama nyekundu kwenye chumba alichokipendelea. Kilikuwa katika sitaha ya juu kabisa yenye vyumba, tena mbele kabisa ya meli, chenye roshani pana ya kutazamia bahari. Kilikuwa cha bei kubwa kuliko vyote walivyoweza kulipia. "Mama alitulea kwa jembe," aliandika. "Anastahili kukaa juu."

Niliposoma maneno hayo kicheko kilinikauka. Nami niliwahi kuyasema maneno kama hayo katika bandari ya Kigoma, mwaka 2008. Naomba niwasimulie yaliyonipata, kwa sababu kosa lile sikulifanya kwa uchoyo. Nililifanya kwa upendo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kulitambua.

Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilimkuta bibi yetu, mzaa mama, akiishi Moba. Sisi kwetu bibi humwita Nkambo. Alivuka ziwa Tanganyika pamoja na binti yake wa mwisho, wakaishi Kigoma kwa miaka mingi. Amani iliporudi, Nkambo hakutaka tena kubaki ugenini. Magoti yake yalikuwa yamechoka, macho yake yalikuwa yamepungua nuru, na neno lake lilikuwa moja tu: nataka kufia kwa mwanangu Kasomeno. Mama aliuza mbuzi wanne, mimi nikatoa akiba yangu ya ualimu, nikatumwa kumleta. Njia tuliyoichagua ilikuwa ya meli kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, kisha ya gari kupitia Mbala, Kasama na Mansa mpaka Kashiba, ambako ungevuka Luapula ukatokea Kasenga, na kutoka hapo nyumbani si mbali.

Meli yenyewe iliitwa Liemba, na habari zake zinafaa kujulikana na kila kijana wa pande zetu. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikaitwa Graf von Goetzen. Kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe na adui. Lakini mafundi wake walikuwa wamezipaka injini grisi nzito kwanza, kana kwamba walijua itafufuka. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina mojawapo la kale la ziwa lile. Mwaka 1997 ndiyo iliyowarudisha wakimbizi wengi wa nchi yetu kutoka Kigoma hadi Uvira.

Urefu wake ni kama mita 71, na upana kama mita 10. Ilikuwa na madaraja matatu ya abiria. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, juu, vyenye dirisha. Daraja la pili lilikuwa na vyumba vidogo vya vitanda vinne, chini, vyenye joto na hewa haba. Daraja la tatu lilikuwa mabenchi, na pale yalipojaa, kila mtu alijitafutia mahali pa kutandika kanga yake.

Nilihesabu fedha mara tatu. Zilitosha kitanda kimoja cha daraja la kwanza na nafasi moja ya daraja la tatu. Karani wa tiketi aliniuliza, "Bibi anaweza kupanda ngazi?" Sikulipa uzito swali lake. Nilimjibu kwa fahari: "Bibi amefanya kazi maisha yake yote. Anastahili kukaa juu." Watu waliokuwa nyuma yangu katika foleni waliniangalia kwa heshima. Lazima niseme kweli: macho yale yalinipendeza.

Kumpandisha tu kulichukua muda mrefu. Ngazi za meli si kama ngazi za kanisa. Zimesimama wima, nyembamba, na za chuma. Nilimsukuma Nkambo kwa nyuma, baharia mmoja akamvuta kwa mbele, naye akacheka kwa aibu. Chumba kilikuwa kizuri. Palikuwa na shuka nyeupe, palikuwa na dirisha. Msafiri mwenzake alikuwa mama mgeni, mpole, asiyejua lugha yetu hata moja. Nilimwekea maji, nikamfunika miguu, nikashuka chini nikiwa na amani kamili moyoni. Mimi nilipata mahali pangu sitaha ya chini, karibu na katikati ya meli, kati ya magunia na wanawake wachuuzi wa dagaa na mananasi. Nikalala kama mtoto.

Usiku ule meli ilisimama mara nyingi. Vijiji vingi vya ufuko wa Tanganyika havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, na mitumbwi ikaja gizani kutoka ufukoni, ikigongana ubavuni mwa meli, watu wakipanda na kushuka kwa kelele na vicheko. Wakati huohuo winchi ya mbele ilipakia na kupakua mizigo. Baada ya saa sita za usiku ulivuma upepo kutoka kusini, ule unaovuma miezi ya kiangazi na kuamsha mawimbi marefu. Mimi nilisikia haya yote kama mtu asikiavyo mvua akiwa chini ya paa zuri. Nilijigeuza nikaendelea kulala.

Asubuhi nilipanda na kikombe cha chai. Nilimkuta Nkambo ameketi sakafuni, ameukumbatia mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Hakuwa amelala hata kidogo. Alikuwa ametapika ndani ya kitenge chake mwenyewe, akakikunja vizuri ili asichafue chumba cha watu. Alikuwa ametaka kwenda chooni, akafungua mlango, akaiona ile ngazi ikicheza gizani, akarudi. Kuhusu jambo lililofuata sitaandika; mtu mzima ana heshima yake. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alipoinua uso niliona kwamba ameanza kulegea. Kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba sitamfikisha.

Hakunilaumu. Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Mjukuu wangu, umenipandisha juu sana."

Baharia mzee aliyekuwa akipita alisimama mlangoni. "Shikamoo, Bibi," alisema, na Nkambo, hata katika hali ile, akaitikia marahaba. Mzee alituma chumvi, sukari na maji yaliyochemshwa, akamwamuru anywe kidogo kidogo. Kisha akanitoa nje. Nilitegemea anikaripie. Badala yake alichukua penseli sikioni mwake akailaza juu ya kidole chake kimoja, ikakaa sawasawa kama mizani.

"Tazama, kijana," alisema. "Hii ndiyo meli." Aliichezesha penseli, ncha moja ikapanda, ya pili ikashuka. "Ncha ya mbele tunaiita omo. Ya nyuma tunaiita tezi. Wimbi likija, omo hupanda na tezi hushuka, halafu kinyume chake. Je, hapa penye kidole pamekwenda wapi?" Nikamwambia hapakwenda popote. Akaisimamisha penseli wima kiganjani, akaiyumbisha kulia na kushoto. "Na hapa, ni sehemu gani inayosafiri mbali zaidi?" Nikamjibu kwamba ni ile ya juu. "Basi," alisema, "wewe umemweka Bibi yako mbele, na umemweka juu. Umempa mitikisiko yote miwili. Nawe mwenyewe umelala hapa," akakigusa kile kidole kilichokuwa kimebeba penseli.

Kisha akaongeza methali ambayo nilikuwa nimeisikia shuleni bila kuielewa: hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Akanieleza kwamba ngama ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, mahali ambapo maji yanayovuja hukusanyika na kutekwa. Wahenga waliisema methali hiyo kumkumbusha mtu kwamba, azunguke azungukavyo, mwisho atarudi kwenye asili yake. "Lakini kwetu mabaharia," alisema, "ina maana nyingine pia. Huwezi kusema unaijua meli kama hujui chini yako pana nini."

Vijana wapendwa, aibu iliyonishika ilikuwa kubwa, kwa sababu mambo yale mtu wa Kasomeno anayajua tangu utotoni. Ni nani kwetu asiyejua kupanda lori? Hakuna anayemweka mama mjamzito mkiani, juu ya magurudumu ya nyuma, kwa maana kila shimo la barabara litamrusha. Hakuna anayempandisha mzee juu ya kilele cha mizigo, ingawa huko kuna hewa na mandhari. Tunamtafutia mahali katikati, chini, kati ya magunia laini, na tunamweka mtu wake kando yake. Elimu hiyo nilikuwa nayo. Lakini nilipofika bandarini niliiacha nje, kwa kuwa nilikuwa nanunua jina: daraja la kwanza. Jina lilinizuia kuuliza maswali ambayo ningeuliza bila kufikiri kama ingekuwa lori la mihogo.

Tulimshusha Nkambo kwa mgongo wangu. Wanawake wa dagaa walisogeza magunia yao, wakamtandikia kanga tatu, mmoja akamlaza kichwa mapajani mwake. Katikati ya kelele ile yote, alilala mpaka jua likapinda. Alipoamka aliomba uji, akaanza kuulizana na wale wanawake habari za watu wa Moba. Usiku wa pili mimi ndiye niliyelala juu, kwenye shuka nyeupe nilizozilipia, nikipanda na kushuka pamoja na omo, nikiisikia winchi ikilia karibu nami kila tuliposimama. Sikuwahi kulala ghali hivyo, wala vibaya hivyo.

Nkambo alifika Kasomeno. Aliishi nasi miaka miwili, akazikwa karibu na barabara ya Pweto. Kila alipoletewa kiti cha heshima katika sherehe alinitazama kwa pembe ya jicho akatabasamu.

Basi hayo ndiyo yaliyonirudia niliponyoosha kidole juu ya mchoro wa mpwa wangu. Meli ile ya Mediterania ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 300, na sitaha zaidi ya 15. Nilipouliza ilijengwa wapi, alinijibu: Papenburg. Karakana ileile ya Meyer, iliyoanza kazi mwaka 1795 na kutupatia Liemba, siku hizi huunda meli hizi zinazofanana na miji. Nikaona kwamba ingawa ukubwa umebadilika, penseli ya mzee haijabadilika. Meli kubwa zina mapezi ya chuma chini ya maji yanayotuliza kuyumba kwa ubavu. Lakini kupanda na kushuka kwa omo na tezi mapezi hayo hayakuzuii sana. Katikati na chini bado ndipo penye utulivu.

Usiku mzima niliusoma mchoro ule kama mtu anayesoma barua. Niligundua kwamba watu wengi hutazama chumba peke yake: kina dirisha au hakina, kina roshani au hakina. Lakini chumba cha meli hakikai peke yake. Kina jirani pande sita: juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa muziki hakitalala kabla ya ukumbi kulala. Chumba kilicho chini ya jiko, au chini ya mahali pa viti vya kuotea jua, kitaamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa. Kilicho mbele kabisa, chini, kitasikia mnyororo wa nanga. Kilicho nyuma kabisa, chini, kitatetemeka kwa injini na rafadha inayosukuma meli. Kilicho mlangoni pa lifti kitasikia vicheko vya usiku. Lakini kilicho mbali mno na lifti kitamwadhibu mwenye magoti mabovu, kwa kuwa korido za meli kama hizo zina urefu wa viwanja viwili vya mpira. Kuna hata vyumba vyenye dirisha kubwa ambavyo ukifungua pazia huoni bahari, waona ubavu wa mashua ya kuokolea iliyoning'inizwa mbele yako. Kwa hiyo mahali pazuri pa kulala, kwa kawaida, ni pale ambapo juu yako wamelala watu na chini yako wamelala watu.

Jambo hili la mwisho lilinisimamisha. Nani amelala juu yangu, nani amelala chini yangu? Hapo mchoro wa meli ukaacha kuwa habari ya starehe tu.

Nilikumbuka Titanic, iliyogonga mwamba wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 na kuzama kabla ya mapambazuko. Waliopanga meli ile waliijua vizuri kanuni ya penseli. Vyumba vya daraja la kwanza waliviweka katikati. Maskini wa daraja la tatu waliwagawa kwenye ncha mbili: wanaume wasiokuwa na familia upande wa omo, wanawake na familia upande wa tezi. Mashua za kuokolea zilikuwa sitaha ya juu kabisa, karibu na matajiri. Walikufa watu wapatao 1,500. Katika daraja la kwanza zaidi ya nusu waliokoka. Katika daraja la tatu, takriban robo tu. Wengi wao waliijua njia ya kwenda juu kwa mara ya kwanza usiku uleule walipoihitaji.

Ndani ya meli ile alikuwamo padri Mwingereza, Thomas Byles, aliyekuwa akienda New York kufungisha ndoa ya ndugu yake. Chumba chake kilikuwa cha daraja la pili. Wale waliookoka walisimulia kwamba alishuka kwa abiria wa daraja la tatu, akawaongoza kuelekea mashua, akakataa nafasi aliyopewa, na mwishoni akabaki kule tezi akiwaungamisha watu na kusali nao rozari. Mchoro wa meli ulikuwa umempangia mahali pake. Yeye alikwenda mahali pengine.

Nilikumbuka pia msiba wa karibu nasi zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka katika ziwa Viktoria, ikikaribia Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Walikufa watu mamia kwa mamia. Makadirio mengi hutaja 800 au zaidi. Orodha ya meli ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Someni tena sentensi hiyo taratibu. Mpango wa meli uliamua nani alale wapi, na tena uliamua nani ajulikane kwamba alikuwamo.

Kwa hiyo nilimwandikia mpwa wangu barua ndefu. Nilimwambia kwanza asahau neno "anastahili", azungumze juu ya mwili wa mama yake. Magoti yake yanapanda ngazi ngapi? Usiku huamka mara ngapi? Je, akiwa peke yake chumbani hufurahi, au huogopa? Baada ya hapo ndipo aufungue mchoro. Nilimshauri achukue chumba katikati ya meli, katika sitaha ya chini kiasi, chenye dirisha ili asijione amefungiwa, hatua chache kutoka lifti lakini si mlangoni pake, chenye vyumba vya watu juu yake na chini yake. Roshani aiache, na fedha zitakazobaki zimlipie mtu wa nyumbani chumba cha jirani, mlango kwa mlango. Nilimwambia pia asikubali ile bei nafuu ambayo kampuni humchagulia msafiri chumba popote patakapobaki. Bei hiyo inamfaa kijana mwenye nguvu, haimfai mzee.

Mwisho nilimwomba ahadi moja. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua masanduku, amshike mama yake mkono, watembee kutoka kitandani mpaka mahali pa kukusanyikia wakati wa hatari, kisha warudi, wakihesabu milango. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 walipoteza maisha, na miongoni mwa abiria walikuwamo waliopanda siku ileile, ambao hawakuwa wamefanya bado zoezi la kujiokoa. Tangu hapo sheria ilibadilishwa, na zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Wengi hulifanya huku wakichezea simu. Mtu mzee anahitaji kuijua njia kwa miguu yake.

Mpwa wangu alinyamaza siku mbili. Nadhani aliumia. Mtu anayetaka kumpa mama yake kilele cha meli, ukimwambia ampe katikati, husikia kama unamwambia apunguze upendo. Kisha akajibu kwa mstari mmoja: "Mjomba, nimechagua sitaha ya tano, katikati. Mimi nitalala mlango wa jirani."

Dada yangu alirudi Kasomeno mwezi wa tisa. Tulimngojea njia panda, na kabla hata hajashusha mzigo nilimwuliza alivyolala. "Nililala," alisema, kama vile nimeuliza jambo dogo. Hakuwa na habari nyingi za bahari. Alikuwa na habari za kijana mmoja kutoka Ufilipino aliyekuwa akisafisha chumba chake kila asubuhi. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, walisemezana kwa mikono. Siku ya tatu dada yangu alimwuliza kwa ishara, akilaza shavu lake juu ya viganja: wewe unalala wapi? Kijana alinyoosha kidole kuelekea sakafu. Dada yangu akauliza tena: chini kiasi gani? Kijana akanyoosha tena, chini, chini, kisha akaupitisha mkono wake juu ya kichwa chake kuonyesha maji yanakofika.

"Tangu siku ile," dada yangu aliniambia, "kila usiku kabla ya kulala niliitazama sakafu."

Nimewaandikia haya, vijana, kwa sababu wengi wenu hamtapanda meli, lakini nyote mtawachagulia wengine mahali: mzazi mgonjwa katika chumba cha hospitali, mgeni katika nyumba yenu, bibi katika gari la kwenda mazishini, mtoto darasani. Mtakuwa na upendo, nao hautawatosha. Kabla ya kumpandisha mtu juu, mwulizeni karani wa tiketi alichotaka kuniuliza: je, anaweza kupanda ngazi? Na mkiisha kumpatia mpendwa wenu mahali pazuri, tazameni sakafu.